Kung'oa uweke ya bandia, au kuliokoa jino lako? Maswali ya vijana na majibu yake

Nina miaka 26 na meno matano yametoboka. Si bora ning'oe yote, niweke ya bandia, niachane na maumivu?

Hapana. Swali hili linaletwa na vijana, na wengi wao wana meno ambayo bado yanatibika. Katika hayo matano, moja huenda linahitaji kuzibwa tu, kazi ya nusu saa. Jingine litataka matibabu ya mzizi, na jingine labda kweli limefika mwisho. Kila jino linapimwa peke yake, kwa kuchunguzwa na kupigwa eksirei. Kuhesabu matundu kwenye kioo hakutoshi.

Meno ya bandia yalitengenezwa kwa mtu ambaye meno yake yamekwisha. Hayakutengenezwa kwa mtu aliyechoka kuumwa.

Lakini babu anayo, na anakula vizuri tu.

Muulize babu mara ya mwisho alitafuna muwa lini, au hindi la kuchoma. Mwenye seti nzima ya bandia, juu na chini, hutafuna kwa takribani robo ya nguvu ya meno ya asili, kwa sababu plastiki imelalia ufizi wakati jino la asili limeshikwa na mfupa.

Huo mfupa ndio jambo ambalo vijana hawaambiwi. Jino likitoka, mfupa uliolishika unakosa kazi na unaanza kusinyaa. Ndani ya mwaka mmoja upana wake mahali pale unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo unaendelea kupungua polepole maisha yote. Taya la chini husinyaa haraka kuliko la juu, ndiyo maana meno ya bandia ya chini ndiyo yanayocheza, yanayochubua na yanayoishia kwenye droo.

Babu alianza uzeeni. Ukianza na miaka 25, una miaka 40 ya mfupa kupungua kabla hujafika 65. Seti moja hutumika miaka 5 hadi 8 kabla haijalegea au kuchakaa, kwa hiyo utatengeneza seti 5 hadi 8 katika kipindi hicho, kila mpya ikikaa juu ya ufizi mwembamba kuliko iliyotangulia. Anayesema bandia ni rahisi kuliko kutibu jino amehesabu seti ya kwanza tu.

Jino lilinisumbua wiki mbili, sasa limenyamaza. Si limepona?

Halijapona. Jino lililooza halijiponyi.

Tundu likiwa bado la juu, unahisi maji baridi au soda kwa sekunde chache kisha basi. Hapo kuziba kunatosha. Uozo ukikaribia kiini, kule kwenye mishipa ya damu na fahamu, maumivu yanabaki kwa dakika kadhaa, yanakuja yenyewe bila kula kitu, yanakuamsha usiku. Kisha siku moja yanakoma. Yamekoma kwa sababu mshipa umekufa, na kilichokufa hakiumi. Wadudu wamebaki ndani, wanateremka hadi ncha ya mzizi na kuula mfupa. Wiki au miezi baadaye unaona kipele cha usaha kwenye ufizi, au unaamka shavu limevimba.

Wakati jino linanyamaza ndio wakati watu wanapofuta safari ya kliniki, na ndipo meno mengi ya vijana yanapopotea. Basi tena: kuacha kuuma si kupona. Likinyamaza baada ya kukusumbua, nenda wiki hiyohiyo.

Nimemeza amoxicillin na uvimbe umeshuka. Bado niende?

Ndiyo. Kiini kilichokufa hakipitishi damu, na dawa unayomeza husafiri kwa damu. Inapunguza wadudu waliotoka nje ya mzizi, uvimbe unashuka, lakini waliomo ndani ya jino haiwafikii. Watarudi. Kununua kidonge cha duka la dawa kila mwezi kwa jino lilelile ni kulipa bei ya matibabu bila kutibiwa.

Na tafadhali, aspirini haiwekwi juu ya jino wala ufizi, inaunguza nyama. Maji ya betri hayaingii mdomoni kwa sababu yoyote ile.

Matibabu ya mzizi yanafanywaje?

Unachomwa ganzi. Jino linatengwa kwa kitambaa cha mpira ili mate yasiingie. Daktari anatoboa juu, anatoa kiini kilichooza, anapima urefu wa kila mfereji, kisha anausafisha na kuupanua kwa sindano nyembamba huku akiuosha kwa dawa ya kuua wadudu. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja, gego lina mitatu au minne. Mifereji ikishakuwa safi na mikavu inajazwa, jino linazibwa, na gego linavishwa kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholizunguka jino lote. Ni safari moja hadi tatu. Likiwa na usaha, dawa huwekwa ndani wiki moja au mbili kabla ya kumalizia.

Yanayoharibu kazi hii yanajulikana. Mfereji mmoja unaweza kuachwa bila kuonekana. Gego linaweza kukosa kofia, na gego lisilo na kiini huwa limebakiwa na kuta nyembamba, likibana mfupa wa nyama linapasuka katikati hadi mzizini, na hapo hakuna wa kuliokoa. Lakini kinachoongoza ni mgonjwa kutorudi. Safari ya kwanza inaondoa maumivu, anawekewa kizibo cha muda, anapotea. Kizibo hicho ni cha wiki chache tu. Baada ya hapo kinavuja, mate na wadudu wanarudi, na anapojitokeza baada ya miezi minane kazi yote imeharibika. Narudia yale ya juu, kwa sababu hapa ndipo yanapogharimu zaidi: limeacha kuuma, halijamaliza kutibiwa. Rudi.

Jino lipi basi haliokoleki?

Lililopasuka wima kwenye mzizi. Lililooza hadi chini ya ufizi pasipo kubaki ukuta mzima wa angalau milimita 2 kulizunguka, maana kofia haina cha kushika. Na lile linalocheza hadi linabonyea juu chini kama kitufe, kwa kuwa mfupa wake umekwisha. Nje ya hayo, uliza kwanza: «Linaweza kuokolewa?» Uliza kwa sauti, kabla ya ganzi. Ukiambiwa hapo hawana vifaa vya matibabu ya mzizi, hilo ni jibu kuhusu kliniki, si kuhusu jino lako. Omba rufaa.

Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Naomba yatolewe niweke meupe.

Wanaouliza hivi wengi wamekulia Arusha, Kilimanjaro, Manyara au Singida, ambako maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi nyingi iliingia kwenye jino wakati likijijenga chini ya ufizi ukiwa mtoto. Rangi haipendezi, inaumiza moyo, na kuchekwa shuleni si jambo dogo. Lakini mizizi ya meno hayo ni mizima. Madoa mepesi husuguliwa kwa dawa maalumu kliniki, mazito hufunikwa kwa tabaka jembamba la dawa nyeupe ya kuzibia inayogandishwa kwa taa. Kung'oa jino zima kwa sababu ya rangi ni hasara isiyorudishika, na daktari anayekubali kirahisi amekukosea.

Ufizi unatoka damu na meno ya chini yameanza kucheza.

Hiyo ni kazi ya ugaga, ule utando ulioganda kuwa kama jiwe chini ya ufizi. Unakwanguliwa kliniki. Wapo wanaoogopa kwamba kusafisha hulegeza meno. Jino lilikuwa limeshalegea, ugaga ndio ulioficha. Nyumbani, piga mswaki laini mara mbili kwa siku, dakika mbili, kwa dawa ya mswaki yenye floraidi, kisha tema bila kusukutua. Usiku kabla ya kulala ndiyo mara muhimu zaidi.

Nimeanguka na bodaboda, jino zima limetoka.

Lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi, usilisugue. Limwagie maziwa au maji safi sekunde chache, lirudishe kwenye tundu lake likitazama mbele na ung'ate kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi. Usilifunge kwenye karatasi kavu. Fika kliniki ndani ya nusu saa ikiwezekana. Hii ni kwa jino la ukubwani. La utoto halirudishwi.

Imebidi ning'olewe mawili. Nifanyeje na pengo?

Usiliache miaka. Meno ya jirani yatalalia pengo, la taya la pili linalokutana nalo litasogea kuelekea pengo, na kuliziba itakuwa kazi ngumu zaidi. Ufizi hupewa miezi 2 hadi 3 ukauke vizuri kabla ya kuchukua vipimo vya bandia ya kudumu. Ikibidi kuvaa mapema kwa sababu ni ya mbele, jua kwamba italegea na itahitaji kujazwa upya. Na kama meno ya chini mengi yameondoka, pigania chonge. Hata chonge mbili zilizobaki huishikilia bandia ya chini isitembee.

Ukishaivaa, itoe usiku na uilaze kwenye maji safi. Anayelala nayo hupata fangasi, kaakaa linakuwa jekundu. Isugue kwa mswaki na sabuni ya kipande, juu ya beseni lenye maji ili ikidondoka isivunjike. Maji ya moto yanaipinda. Ikichubua, usiipige tupa mwenyewe wala usiigundishe kwa gundi ya viatu. Rudi kliniki ukiwa umeivaa saa chache kabla, ili kidonda kionyeshe pa kupunguzwa.

Shavu limevimba usiku huu. Nisubiri kupambazuke?

Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ukishindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kuinua ulimi, au ukihema kwa shida, usisubiri kliniki ya meno ifunguliwe. Nenda hospitali sasa hivi, kwa gari lolote litakalopatikana, na uwaambie mapokezi kwamba uvimbe umetokana na jino.