Riba haingoji tangazo

Hapa Mombasa utalisikia hata soko la Marikiti, kwenye magunia ya iliki: Benki Kuu ikishusha riba leo, kesho mkopo wa duka unashuka. Sivyo. Kiwango cha Benki Kuu ni dira, na wakopeshaji hutazama mbele. Agosti 2024 kilishushwa kutoka asilimia 13 hadi 12.75, lakini siku chache kabla, takwimu za Julai zilishaonyesha mfumuko wa bei wa asilimia 4.3 tu, dalili kwamba riba ingeweza kushuka, na kila mnunuzi wa hati za Hazina, yaani anayeikopesha serikali, aliziona. Habari inayotarajiwa huwa imeshaingia kwenye bei ya hati hizo. Kinachotikisa soko ni lisilotarajiwa, hata neno moja la Gavana wa Benki Kuu kuhusu miezi ijayo. Mkopo wako wewe hufuata mkataba uliotia saini.