Tell: kilima kilichozaliwa na mji

Tell ni kilima kilichotokana na watu kuishi mahali pamoja kizazi baada ya kizazi, hadi mabaki ya majengo yao yakainuka juu ya tambarare. Kusini mwa Iraki, kati ya mito Frati na Hidekeli, nchi ni bapa mno, kwa hiyo mwinuko ukionekana pale, mara nyingi chini yake pana mji.

Chanzo chake ni tofali bichi. Wasumeri, watu wa kale wa nchi hiyo, hawakuwa na mawe ya kutosha wala miti mikubwa ya kujengea. Udongo na matete ndivyo vilivyokuwa tele. Walifyatua matofali, wakayaanika juani, wakajengea nyumba, mahekalu na kuta za mji. Tofali la namna hiyo lisipokandikwa upya mara kwa mara humomonyoka kwa mvua. Nyumba ikichakaa, kuta zilibomolewa, kifusi kikasawazishwa, na nyingine ikasimama papo hapo. Sakafu ya mjukuu ikawa juu kuliko ya babu yake.

Kanuni ya kusoma tell ni kwamba tabaka la chini ndilo la zamani zaidi. Lakini watu wa kale nao walichimba: visima, makaburi, mashimo ya taka. Kitu cha kale kinaweza kupandishwa juu, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Mfano mzuri ni Girsu, ambao leo ni eneo la Tello katika mkoa wa Dhi Qar. Ulikuwa mji mtakatifu wa mungu Ningirsu katika dola la Lagash. Karibu mwaka 2130 KK mtawala wake Gudea alimjengea Ningirsu hekalu jipya lililoitwa Eninnu. Sanamu mojawapo ya Gudea inamwonyesha ameketi, kichwa kimevunjika na hakipo, na mapajani ana kibao kilichochorwa ramani ya ukuta wa hekalu, pamoja na kalamu na rula yenye alama za vipimo. Maandishi yake yanasema jiwe lile jeusi, dioriti, lililetwa kutoka Magan, nchi ambayo wataalamu wanaihusisha na Oman ya leo. Shehena nzito kama hiyo kuvuka Ghuba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita ni jambo la kustaajabisha kweli.

Takriban miaka 2,000 baada ya Gudea, mtu aliyeitwa Adad-nadin-akhe alijenga jumba juu ya magofu yale. Aliyapiga matofali yake muhuri wa jina lake kwa Kiaramu na Kigiriki, na katika jumba hilo zikawekwa sanamu za Gudea. Ndiyo maana Ernest de Sarzec, ofisa wa ubalozi mdogo wa Ufaransa mjini Basra, alipoanza kuchimba mwaka 1877, alikuta vitu vya zama mbili zilizopishana mno vikiwa pamoja.

Uchimbaji wake uliwafungulia watu wa leo mlango wa kuwajua Wasumeri, na sanamu alizopata zimo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Hata hivyo hasara ilikuwa kubwa. Enzi hizo wachimbaji walitafuta sanamu na maandishi, na kuta za tofali bichi walizikata bila kuzitambua. Waporaji nao waliondoka na vibao vya udongo vyenye mwandiko wa kikabari, yaani wa alama zenye umbo la kabari, kwa makumi ya maelfu. Sanamu iliyotolewa bado ni sanamu. Ukuta uliokatwa haurudi, na mpangilio wa vyumba hupotea pamoja nao.

Ukuta wa aina hiyo hautambuliki kwa kupiga sururu. Mwanaakiolojia huukwangua uso wa udongo taratibu kwa mwiko, akitazama tofauti ndogo ya rangi na ugumu, hadi kingo za tofali mojamoja zijitokeze. Kwa subira hiyo timu ya Makumbusho ya Uingereza, ikishirikiana na Wairaki, imerudi Tello katika miaka ya karibuni na kuzipata kuta za Eninnu, eneo ambalo wengi walidhani limekwisha kuharibiwa. Ndani ya kuta hizo koni za udongo wa kuchoma, zenye maandishi ya kumtolea Ningirsu hekalu lake, zilikuwa bado zimechomekwa mahali pake.