Mjusi hawi mjamzito

Juzi mpwa wangu aliyeko Toronto kanitumia picha ya kinyonga wake. Jike, tumbo limetuna kama mfuko wa karanga, ngozi imeanza kuwa nyeusi na mbavuni kumejaa madoa ya samawati na manjano. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo mjomba. Ni mjamzito! Nimemtandikia taulo laini, namsubiri ajifungue." Nikaitikia salamu, nikaweka simu chini, nikaenda kunywa chai kwanza. Nimefundisha baiolojia miaka mingi na nimesahihisha "kenge mjamzito hutaga mayai" hadi kalamu nyekundu imekauka. Nilidhani nimestaafu na neno hilo nalo limestaafu.

Maana yenyewe ni fupi. Mjusi jike ambaye mayai yameshaumbika ndani ya mwili wake na yanasubiri kutagwa ni mjusi mwenye mayai. Basi. Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, umsikilize mpaa samaki anapopasua tumbo akakuta vile vifuko viwili vya manjano: "Huyu ana mayai." Hajawahi kukwambia samaki ni mjamzito, na ukimwambia wewe atacheka mpaka kisu kimponyoke.

Sasa tulitazame neno. Mjamzito ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja, mja na mzito, na mshono bado unaonekana. Ukilipeleka kwenye wingi husemi "wajamzito", unasema wajawazito: vipande vyote viwili vinavaa nguo ya wingi, kila kimoja na yake. Hali yenyewe ni ujauzito, u moja mbele na nyingine katikati, kama watu wawili waliovaa sare. Mja ni nani? Ni binadamu, kiumbe wa Mungu mwenye hesabu ya kutoa kesho, yule wa kwenye mawaidha na mashairi: sisi waja. Kwa hiyo mjamzito ni mtu aliye mzito. Neno la heshima hilo, la kumsitiri mama. Badala ya kutaja kilichomo tumboni unataja uzito wake tu, na kila mtu anaelewa. Ndiyo maana kliniki ni ya wajawazito, lakini mfugaji akikuonyesha ng'ombe wake anasema ana mimba, hasemi ng'ombe wangu ni mjamzito. Na kujifungua ni hivyo hivyo, ni la mama, mbuzi anazaa. Ukimwita mjusi mja, utakuwa umemtwisha sala na saumu.

Kichekesho ni kwamba wafugaji wa reptilia huko Ulaya na Marekani nao wana neno maalumu la jike mwenye mayai, na limetokana na Kilatini gravidus, ambalo mzizi wake ni gravis, yaani mzito. Wao waliuchukua uzito wakamwacha mja nyumbani kwake. Nahisi kosa letu limepita mlango huo: mtu anaiuliza programu ya kutafsiri, inampa "mjamzito", naye anafunga mjadala.

Mimba je? Hapa nalegeza kamba, ila si sana. Mimba ni ya mtu na ya mnyama pia. Kuna vilevile himila, neno la asili ya Kiarabu lililo ndugu na kuhimili: mzigo ulioubeba. Lakini mimba katika sikio la Mswahili imebeba mambo mawili. Kwanza, palikuwa na dume. Pili, mwisho wake ni kuzaa. Kinyonga wa mpwa wangu hana hata moja kati ya hayo. Ni kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, mwenye upanga wa kichwani kama kofia. Asili yake ni Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, na ni mmoja wa vinyonga wanaofugwa sana majumbani. Jike wa aina hii akishapevuka anaweza kutengeneza mayai na kuyataga bila kuonana na dume maishani. Mpwa wangu alimnunua akiwa mdogo kuliko kidole gumba, amekaa peke yake tangu siku hiyo, na bado kijana alikuwa tayari kumlaumu muuza duka. Nikamuuliza: yale mayai unayonunua trei nzima, wale kuku wa kizungu walikuwa na jogoo?

Msinione mchokozi wa maneno tu. Taulo lile ndilo lililonitia wasiwasi. Aliyeambiwa "mjamzito" hutandika kitu laini akakaa kusubiri mtoto. Aliyeambiwa "ana mayai ya kutaga" atajiuliza kitu kingine kabisa: atayataga wapi? Kinyonga wa Yemen hutaga ardhini. Huteremka mtini, akachimba handaki, akageuka, akayaweka mayai mwishoni kabisa mwa shimo, akafukia na kushindilia kwa miguu. Asipopata pa kuchimba huyazuia, na mayai yaliyozuiliwa hukwama na kumuua.

Kwa hiyo nikamtuma atafute ndoo pana, aijaze mchanga safi kina cha sentimita 30 hivi, na kuulowesha kidogo. Kipimo ni mkono: ufumbate mchanga, ushikane bila kuchuruza maji, kisha utoboe kwa kidole uone kama tundu linasimama. Likibomoka, handaki lake nalo litabomoka, naye ataacha kazi. Halafu funika kioo kwa kitambaa. Jike akihisi macho yanamtazama huacha shimo alilolichimba nusu siku, na mpwa wangu ni mtu wa kupiga picha kila dakika tano. Kukataa chakula siku hizo si ugonjwa, tumbo limejaa. Kutangatanga chini na kuparuaparua kona ni dalili kwamba siku imefika. Maji tu yasikosekane. Kalsiamu ya unga inyunyizwe kwenye wadudu anaowala tangu mapema, na taa ya UVB, yaani mionzi kama ya jua isiyoonekana kwa macho, iwepo, maana bila mionzi hiyo mwili wake hauitumii kalsiamu vizuri. Wengi hudhani kalsiamu ni ya kaka la yai peke yake. Misuli inayosukuma mayai nje nayo inaitegemea, ikipungua jike hukosa nguvu ya kutaga.

Akichimba hapa akaacha, akachimba pale akaacha, kisha akakaa chini mchana kutwa macho yamefumba au yamedidimia na mikono haishiki tena tawi, hapo ni daktari wa mifugo anayejua reptilia, siku hiyo hiyo. Atapiga picha ya eksirei, atampa kalsiamu, pengine dawa ya kusukuma, pengine upasuaji. Kumkamua tumbo nyumbani ni kumpasulia mayai ndani.

Nataja kupasua kwa sababu tangu utotoni nimesikia kwamba kinyonga akizaa hupasuka tumbo akafa, na juzi nimeisikia tena redioni, kinyonga huyo akiitwa mjamzito vilevile. Hapasuki. Kutaga kunamchosha kweli, na jike wa Yemen kwa kawaida huishi miaka michache kuliko dume, lakini mayai hutoka pale yanapotoka mayai ya mijusi yote. Hata kinyonga wa kawaida wa bustani zetu za pwani, Chamaeleo dilepis, yule mwenye vipande vya ngozi shingoni, huteremka mtini na kuchimba. Ukimkuta jike mnene anavuka njia anayumba, anatafuta udongo. Tatizo lake ni mawe ya watoto.

Sasa haki itendeke, maana najua atatokea mtu wa kuniambia "mbona kinyonga wa pembe tatu anazaa?" Anazaa, ndiyo. Trioceros jacksonii, wa nyanda za juu za Kenya na wa Mlima Meru hapa Tanzania, hatagi. Mayai hubaki ndani miezi mitano, sita au zaidi, mama akiota jua kuyapasha moto, jambo la busara kwenye baridi ile ambako udongo ungeyachelewesha. Kisha huwadondosha watoto mmoja mmoja juu ya matawi, kila mmoja ndani ya utando unaonata, naye hujinyoosha, anauchana utando na kuanza kutembea. Huyu mkimwita mwenye mimba sina ugomvi, na ndoo ya mchanga hana haja nayo.  Yupo hata mjusi wa jamii ya guruguru wadogo wanaong'aa, Trachylepis ivensii wa upande wa Angola na Zambia, ambaye kiinitete chake, yaani mtoto anayeanza kuumbika, hushikana na mji wa mimba na kulishwa na mama kwa kondo, karibu kama sisi. Huyo nampa mimba yote, na himila juu yake. Mjamzito simpi.

(Na kwa walioko huku nyumbani: kinyonga wa porini si wa kukamata na kuweka boksini. Sheria za wanyamapori zinataka kibali, na biashara ya vinyonga kuvuka mipaka inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Mwacheni mtini.)

Siku ya tatu ujumbe ukaingia saa tisa usiku kwa saa za huku. "Mjomba, kajifungua 38!" Alikuwa ameingia ndooni jioni, akapotea mchangani, akatoka kesho yake amekonda, pua ina mchanga, akanywa maji muda mrefu. Nikajibu neno moja: "Kataga." Nikaongeza ampe chakula na kalsiamu, amwache apumzike.

Akauliza kama sasa ataatamia. Haatamii, akishafukia amemaliza, mgongo huo. Akauliza kama ayageuze kila siku kama kuku anavyofanya. Hata kama yangekuwa na mbegu yasingegeuzwa, maana kiinitete cha mjusi hujishikiza upande wa juu na ukilipindua yai unaweza kukiua. Wanaoyalea huyaweka alama ya penseli kwa juu na kusubiri miezi sita hadi tisa. Haya yake hayana dume, hayasubiri chochote.

"Kumbe ni viza yote," akaandika, kwa huzuni.

Kijana mwenyewe kazaliwa Tanga, lakini Toronto ni mbali, kwa hiyo nilimjibu polepole. Viza linatokana na kuvia: damu imevia, mti umevia, kitu kilichoanza kukua kikadumaa. Yai viza ni lile lililokuwa na uhai, likaatamiwa, likaharibika njiani. Haya 38 hayajaharibika, kwa kuwa hayakuanza. Ni mayai tu, baba, kama yale ya trei.