Na huyu mdogo, macho yake je?

Jioni ukiwa Capri Point, Mwanza, kitazame kivuko cha Kamanga kikikata maji. Macho yako yanateleza nacho taratibu bila wewe kujisumbua. Kikishapotea, jaribu kuyatelezesha hivyo hivyo juu ya maji matupu, kutoka kushoto kwenda kulia. Yanagoma. Yanatua, yanaruka, yanatua tena. Mwenzako akikutazama machoni ataiona hiyo miruko mikubwa.

Kuteleza kunahitaji kitu kinachotembea, na kunahitaji ubongo ubashiri. Habari ya kile jicho linachokiona huchelewa kama sehemu ya kumi ya sekunde kabla jicho halijaanza kukifuata. Kwa hiyo ubongo hufanya kama konda anayedandia daladala iliyokwisha kuondoka: hakimbilii ilipo, anakimbilia itakapokuwa.

Kwa watu wengi wenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, ubashiri huu hulegea. Jicho hubaki nyuma kidogo, kisha huruka kukifikia kitu, hubaki nyuma tena, huruka tena. Kwenye kifaa cha kurekodi, badala ya wimbi laini unaona ngazi ngazi. Misuli ya macho ni mizima. Tatizo liko kwenye ubongo unaoiongoza. Diefendorf na Dodge wa Marekani waliliona hili mwaka 1908 kwa kupiga picha mwendo wa macho, kisha kwa miaka mingi wachache tu ndio walilishughulikia. Mwaka 1973 Philip Holzman na wenzake waliwapa wagonjwa pendula, kitu kinachoning'inia na kuyumba huku na huku, waifuate kwa macho, wakakuta jambo lile lile. Mwaka uliofuata wakatoa matokeo ya ndugu wa damu wa wagonjwa, watu wasio na ugonjwa huo. Karibu nusu yao macho yao yalikuwa na kasoro hiyo hiyo. Kwa watu wengine, haikufika mmoja kati ya kumi.

Hapo kwenye ndugu ndipo nilipokusudia kufika. Mama mmoja kutoka Ukerewe (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) huja kliniki na kijana wake ninayemtibu. Safari hii alikuja na binti pia, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Binti alikaa pembeni ya benchi, kainamisha uso, mikono kaibana katikati ya magoti.

"Daktari, na huyu mdogo? Nimemwangalia macho."

Alikuwa amesikia kuhusu macho kwenye simu ya jirani. Usiku akawa anampitishia binti tochi mbele ya uso, kulia na kushoto, na kila akiona macho yameruka analia.

Nilimwambia, mama yangu, hata mimi siwezi kukiona kitu hicho kwa tochi wala kwa kidole. Ni kidogo mno, kinahitaji mashine. Na macho ya mtu aliyechoka, aliyekunywa pombe au mwenye usingizi nayo huruka. Hata kama mashine ingeonyesha ngazi, hicho si kipimo cha ugonjwa. Ndugu wa mgonjwa, kaka au dada, ana uwezekano wa kuugua wa kama mmoja kati ya kumi. Kwa watu wote kwa jumla ni kama mmoja kati ya mia. Maana yake tisa kati ya hao kumi hawataugua, na kati ya hao tisa wapo wengi ambao macho yao hurukaruka hadi uzeeni. Miruko inaonyesha kitu ambacho damu moja imegawana. Haionyeshi nani ataumwa. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki salama.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kitu hicho kimetoka upande wa baba. Swali hilo naliogopa, kwa sababu najua kikao cha ukoo kinachofuata na jina la mwanamke atakayeitwa mchawi. Nilimjibu wazi kwamba urithi huu ni vipande vingi vidogo vidogo, kutoka pande zote mbili, na hakuna aliyeutuma.

Kuna macho mengine ambayo ni lazima uyakimbize hospitali. Mgonjwa aliyeanza haloperidoli, dawa ya skizofrenia, akipinduka macho juu yakakwama, shingo ikakaza, hayo si mapepo. Ni madhara ya dawa, hata kwa dozi ya kawaida, na ipo dawa ya kumtuliza siku hiyo hiyo.

Tulipokuwa tunaagana, binti akainua uso. "Daktari, kwa hiyo ndiyo maana kaka siku hizi hadaki mpira?" Kumbe alikuwa golikipa.

Nikamwambia hapana, miruko ile midogo huyafikisha macho kwenye mpira, mtu hata hahisi. Lakini swali lake lilinishtua. Huenda ni dawa ndizo zinazompunguza kasi. Nikamwomba mama anipe kadi ya kliniki ya kijana wake, nikaanza kuangalia dozi.