Kung'oa magugu msituni: anzeni pale msitu ungali mzima

Jumamosi ya kujitolea msituni kwa kawaida huenda hivi. Watu wengi hufika asubuhi na mapanga na slasha, huelekea moja kwa moja pale lantana, kichaka vamizi cha kigeni, ilipofunga kabisa, hufyeka hadi mchana, hupiga picha, kisha hurudi makwao. Moyo huo ni wa kuheshimiwa sana. Buganda imeishi na bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa faida ya wote, tangu enzi za mababu. Lakini kwa vipande vidogo vya msitu vilivyobaki Kampala na Entebbe, kufyeka namna hiyo kunaumiza msitu wenyewe.

Lantana, ambayo Waganda huiita kayukiyuki, ilitoka Amerika ya joto na hupenda jua. Ukiikata juu, shina huchipua tena. Mbegu zake zilizoletwa na ndege zimelala udongoni, na mtu anayefyeka kichaka chote kwa siku moja anazipa mwanga ziliokuwa zikiukosa. Mvua zikirudi, kichaka nacho kinarudi, mara nyingi kizito kuliko cha mwanzo. Miche ya miti ya asili iliyokuwa imejificha chini yake haimo tena, kwa sababu slasha haichagui.

Ushauri wetu ni kugeuza mwelekeo. Anzeni upande ambao msitu ungali mzima na magugu ni machache, mng'oe hayo machache, kisha msogee polepole kuelekea palipoharibika. Njia hii ilijulikana kupitia ndugu wawili wa kike wa Sydney, Australia, Eileen na Joan Bradley, waliosafisha vichaka vya mtaa wao wa Mosman kwa mikono katika miaka ya 1960. Walishika mambo matatu: kutoka penye uzima kwenda penye ugonjwa, kuvuruga udongo kidogo iwezekanavyo, na kutosogea mbele mpaka mimea ya asili iwe imejaza nafasi iliyoachwa nyuma. Hilo la tatu ndilo gumu kwa vikundi vyetu, maana kila mtu anataka kuona eneo kubwa limesafishwa kabla ya kwenda nyumbani. Mimi nakipendelea kikundi cha watu sita wanaorudi kila mwezi kuliko umati unaokuja mara moja kwa mwaka.

Wakati mzuri wa kung'oa ni mvua zinaponyesha, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kwa sababu udongo umelainika. Vaeni gambuti na glavu nene; matawi ya lantana yana miiba midogo, na nyoka nao hupenda vichaka hivyo. Kata kwanza matawi ili ulifikie shina. Chimbua kuzunguka kifundo kile kinene kinachounganisha shina na mizizi, kata mizizi ya pembeni, kisha kivute chote kitoke. Kikibaki ardhini, kazi yako ni bure. Kikung'ute udongo, kitundike juu ya tawi mizizi ikiwa hewani ili kikauke, kisha rudisha shimoni udongo na yale majani makavu uliyoyasogeza. Matawi yasitupwe wanapopita ng'ombe na mbuzi: lantana ni sumu kwa mifugo na huharibu ini.

Kosa linalotugharimu zaidi hutokea kwenye miche. Ule mforsadi wa Asia ulioletwa ujaribiwe kutengenezea karatasi, kitaalamu Broussonetia papyrifera, umeshavamia sehemu kubwa za msitu wa Mabira, na mche wake unafanana na wa mvule, mti wetu wa asili. Yote miwili ni ya ukoo mmoja, hutoa utomvu mweupe, na majani yake machanga yana meno pembeni. Tazama umbo la jani. Mforsadi huo huwa na majani yaliyochanika vipande virefu, mengine mazima, yote kwenye mche mmoja, na upande wa chini ni laini kwa manyoya. Jani la mvule halichaniki hivyo. Ukiwa na shaka, uache mche ulipo, ufunge kitambaa na kumwita anayejua. Mvule uliong'olewa kwa bahati mbaya haurudishwi.

Miti mikubwa ya Senna spectabilis, ile yenye maua ya manjano iliyosumbua msitu wa Budongo, msiishike. Ikikatwa huchipua kwa nguvu, na kuibambua magome hadi ardhini kunataka watu waliofundishwa. Toeni taarifa tu.

Kabla ya yote hayo ombeni ruhusa. Hifadhi kuu kama Kitubulu ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003. Hifadhi za wilaya zina ofisa misitu wa wilaya. Msitu wa Zika, ambako virusi vya jina hilo viligunduliwa 1947, ni wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, na mmea uking'olewa humo bila mpango unaweza kuvuruga utafiti. Mkishapata ruhusa, mwombeni ofisa wa eneo awatembeze humo siku chache kabla ya kazi, awaonyeshe miche ya kuachwa na mpaka wa kusimamia siku hiyo.