Si kila shida ya breki ni pedi: dhana potofu na ukweli wake

Breki zikisumbua kidogo tu utasikia jibu ni moja, badilisha pedi, vile vipande vinavyobana diski (sahani ya chuma inayozunguka na tairi) ili gari lisimame. Zinapiga kelele, pedi. Gari linavuta upande, pedi. Pedeli inazama, pedi. Basi hela inatoka, pedi mpya zinafungwa, na shida iko palepale kwa sababu hakuna aliyefungua tairi akaangalia. Na inauma, manake breki huwa zinakuambia mapema kabla hazijafeli.

"Breki ikilia ujue pedi zimeisha"

Si lazima. Ile kelele ya asubuhi au baada ya kuosha gari, inayopotea ukishakanyaga mara mbili tatu, ni kutu nyepesi juu ya diski, achana nayo. Mlio mwembamba unaokuja kila ukikanyaga ndo wa kufungulia tairi, kwa sababu pedi nyingi zina kibati kidogo kimewekwa makusudi kiguse diski pedi ikikaribia kuisha. Pedi mpya huwa na unene wa kama mm 10 hadi 12, ikibaki mm 3 toa. Ila mlio huohuo unaweza kuwa vumbi, au pedi imeungua uso ukawa unang'aa, au fundi hakurudisha vibati vya nyuma ya pedi. Ukisikia chuma kinakwaruza chuma hiyo haina mjadala, paki gari. Halafu tafadhali, usipake grisi wala oili kwenye uso wa pedi ili kelele iishe, pedi ikishalowa oili haishiki tena. Grisi inayovumilia joto inakaa nyuma ya pedi na kwenye pini za kalipa (kifaa kinachobeba na kubana pedi), basi.

"Fluidi ikipungua unaongeza tu"

Hii ndo inaniogopesha kuliko zote. Fluidi ya breki, kile kimiminika kinachopeleka nguvu ya mguu wako mpaka kwenye tairi, haiungui kama petroli, inazunguka kwenye mfumo uliofungwa, kwa hiyo ikipungua kuna sababu na kwa kawaida ni moja kati ya mbili. Ya kwanza pedi zimelika, pistoni zinazozisukuma zimesogea nje na fluidi imezifuata, hapo kiwango kinashuka polepole kwa miezi. Ukijaza mpaka juu, siku unafunga pedi mpya na pistoni zinarudishwa ndani fluidi itafurika imwagikie rangi ya gari, na rangi inababuka. Ya pili kuna kuvuja. Pita tairi moja moja uangalie upande wa ndani, mipira ya breki inayopitisha fluidi, ndani ya dramu za nyuma, na pale masta silinda (inayosukuma fluidi ukikanyaga pedeli) inapoungana na busta (inayousaidia mguu kwa vakyumu ya injini), manake masta inaweza kuvujia ndani ya busta usione hata tone chini.

Na wapo wanaoweka oili ya injini au hydroliki eti zote ni mafuta. Hapana jamani! Inavimbisha sili zote za mpira, masta mpaka kalipa, ukishaimimina usiliendeshe gari hilo barabarani hata kidogo, mfumo mzima unafunguliwa.

Fluidi pia inazeeka hata kama kiwango hakijashuka, kwa sababu inanyonya unyevu wa hewani. DOT 3, moja ya madaraja ya fluidi, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ila ikishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 140, DOT 4 ni 230 kushuka 155. Sasa fikiria mteremko mrefu, mguu uko kwenye breki muda wote, fluidi inachemka, unapatikana mvuke, na mvuke unabonyea, pedeli inaenda mpaka chini na pedi zako ni mpya kabisa. Ndo maana watengenezaji wengi wanataka ibadilishwe kila miaka 2 hivi, na ndo maana mteremko unashuka na gia nzito, usiweke fri.

"Ukipampu pedeli ikapanda basi iko poa"

Haiko poa. Ikipanda kwa kupampu kuna upepo ndani ya fluidi au shuu za nyuma, zile zinazobana dramu kwa ndani, zinahitaji kuajastiwa. Washa injini gari likiwa limesimama, kanyaga na ushikilie bila kuachia, ikizama taratibu yenyewe basi masta imechoka au kuna sehemu inavuja. Pedeli ikiwa ngumu kama jiwe pima busta: zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia, halafu washa. Inatakiwa ishuke kidogo. Wengi wakiiona inashuka wanashtuka, kumbe hapo busta ni nzima, isiposhuka ndo uanze na mpira wa vakyumu.

Usukani kutetemeka ukifunga breki watu wanasema diski imepinda, ila mara nyingi diski haijapinda, unene wake ndo hauko sawa pande zote au kuna kutu kati yake na habu, kile kitovu ambacho diski na tairi vinafungwa. Safisha habu kwanza, na nati kaza kwa zamu, usimalize upande mmoja. Kuchonga diski sawa, mradi isishuke chini ya unene ulioandikwa kwenye diski yenyewe.

Gari likivuta upande anza na upepo wa tairi. Kisha baada ya kuendesha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, yenye joto kuliko wenzake kalipa yake imeng'ang'ania. Pedi za tairi moja zikilika moja nene moja nyembamba, pini zimekwama. Na pedi zinabadilishwa kulia na kushoto pamoja.

ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, kutikisa mguu ni kazi yake, usiachie wala usipampu, kandamiza tu.

La mwisho, wapo wanaoziba mpira wa breki wa tairi moja unaovuja ili watembelee breki tatu. Mbele ikishika upande mmoja peke yake, ukikanyaga kwa nguvu gari linageukia upande ule, kwenye lami yenye maji linazunguka kabisa. Gari la hivyo linavutwa mpaka gereji, haliendeshwi.