Mhakiki asiye na data anahakiki nini?

Jarida likikutumia makala uihakiki, unaletewa maelezo, majedwali na michoro. Madodoso na faili za wagonjwa hubaki kwa mwandishi. Uhakiki wa wanataaluma wenza umejengwa juu ya imani kwamba namba zilizoandikwa zilipimwa kweli, hivyo aliyepika data kwa uangalifu hupita. Kwa hiyo mimi mtakwimu, kabla ya lolote, namwomba mhariri data ghafi: mstari mmoja kwa kila mshiriki.

John Carlisle, daktari wa usingizi wa Uingereza, alichunguza majaribio 526 yaliyoletwa kwenye jarida la Anaesthesia. Katika majaribio 153 aliyopata data ya kila mgonjwa, alikuta za uongo katika 67, yaani asilimia 44. Katika 373 yaliyobaki alitambua 6 tu. Ni kweli, mwanzoni aliomba data pale aliposhuku, kwa hiyo makundi hayo hayalingani. Lakini pengo hilo si la kupuuza.

Ukinyimwa data, shika kalkuleta. Kipimo cha GRIM, cha Nick Brown na James Heathers, huangalia kama wastani ulioandikwa unawezekana, na hakihitaji zaidi ya hapo. Tuseme watu 19 wametaja umri kwa miaka kamili na makala inatoa wastani wa 34.67. Jumla ya umri wao lazima iwe namba nzima: 658 kwa 19 ni 34.63, na 659 kwa 19 ni 34.68. Hakuna jumla inayotoa 34.67. Usikimbilie kumhukumu mtu, maana ikiwa mmoja hakujibu, 624 kwa 18 inatoa 34.67 barabara. Kwa desimali mbili, kipimo hiki kina makali sampuli ikiwa chini ya 100.

Ukipewa data, panga kila safu kwa ukubwa na utafute mistari inayojirudia. Wapishi wavivu hunakili wagonjwa kisha kubadili umri tu. Halafu tarehe. Kama kliniki ya kisukari ni Jumanne, waliosajiliwa Jumapili walitoka wapi? Kisha tazama tarakimu za mwisho za presha. Kipimo cha kupampu kwa mkono kina mistari ya kila milimita 2, hivyo usomaji huishia na namba shufwa, na 0 hujazana kwa sababu watu hukadiria. Ukikuta 117, 123 na 131 zimetapakaa, uliza kifaa. Kama kilikuwa cha dijitali, hoja imekwisha.

Kuna na swali ambalo sisi wa Moshi na Arusha tunaweza kuliuliza vizuri kuliko mhakiki wa ng'ambo: je, hili linawezekana? Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyotumia data za kampuni ya Surgisphere kuhusu hydroxychloroquine, dawa ya malaria waliyopewa wagonjwa wa UVIKO-19, yenye wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671. Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda jaribio la dawa hiyo. Wakosoaji walionyesha kwamba, kwa hesabu za makala, karibu robo ya wagonjwa wote wa UVIKO-19 barani Afrika walitibiwa katika hospitali zenye kumbukumbu za kielektroniki za hali ya juu. Aliyewahi kujaza kwa kalamu rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, angeshtuka palepale. Kampuni ilikataa kutoa data, na tarehe 4 Juni makala ikaondolewa.

Ripoti yako isitaje udanganyifu. Andika: "Jedwali la 2, wastani wa 34.67 hauwezekani kwa watu 19. Naomba idadi ya waliojibu." Mwandishi akijitetea kwa usiri, majina na namba za faili hufutika, na tarehe hugeuzwa kuwa siku ya wiki. Akisema data haziwezi kutoka nchini bila mkataba wa kuhamisha data unaopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ya Tanzania, yuko sahihi. Mhariri aagize mkataba uandaliwe, na makala isubiri.